Jamani, Sijampima Bibi wa Watu Mimba

Niseme mapema kabla hamjanimaliza: hakuna mimba iliyopimwa Ujiji juzi. Mnaonitumia vikatuni vya watoto wachanga kwenye grupu, huyo aliyewasimulia alikuwa nje, juu ya ngazi, anavuta waya. Ndani nilikuwepo mimi.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, kuingiza faiba, ule waya wa intaneti, kwa mzee mmoja ambaye wajukuu wamemchosha kwa kuomba bando. Mashine ya kuunganishia kwa moto walikuwa nayo wenzetu kule mtaa wa Mwanga, nikabaki na viungio vya kubana na jeli yake. Kwa msiojua: uzi wa faiba ni kioo chenye unene wa mikromita 125, na njia ya mwanga katikati ni mikromita 9 tu. Ukikutanisha ncha mbili, hata uzikate vizuri vipi, hubaki upenyo wa hewa, na kila mwanga unapotoka kwenye kioo kwenda hewani, au ukirudi, karibu asilimia 4 hugonga na kurudi ulikotoka. Jeli ndiyo inaziba upenyo huo. Inapinda mwanga sawasawa na kioo, kama 1.46 hivi, basi mwanga unapita bila kujua kuna kiungo. (Si gundi. Msiniulize tena.)

Sasa nitazameni kwa macho ya bibi mwenye nyumba. Nimevaa glovu. Nina pamba, chupa ya spiriti, na bomba la sindano lenye kitu kinachong'aa. Nimepiga magoti kwenye mkeka wake.

"Mjukuu wangu, ndiyo ile jeli?"

"Ndiyo, bibi."

"Ya kuonea ndani?"

Nikajibu bila kugeuka, pumzi nimeibana maana uzi ulikuwa unaingia kwenye kiungio: "Ndiyo. Bila hiyo huoni kitu."

Wapendwa. Wapendwa!

Nikasikia kanga inachakacha. Sikujali. Nikasikia mtu anaguna "bismillahi" pembeni yangu. Sikujali pia, mtaalamu niko kazini. Nikawasha tochi nyekundu ya kukagulia uzi, nikageuka kuchukua pamba, na pale ilipokuwa pamba palikuwa na tumbo. Bibi kalala chali, blauzi kaipandisha, macho kafumba, midomo inasoma dua. Mwanga wangu mwekundu ukatua juu ya kitovu. Nikataka kusema neno, likagoma. Kilichotoka ni jeli. Tone moja. Nililiona likining'inia, likarefuka taratibu kabisa, likaachia.

"Ya baridi," akasema bibi.

Na mlangoni, katoka kuswali adhuhuri, kofia kichwani na tasbihi mkononi: mume wake.

Akatazama bomba. Akatazama kitovu. Akanitazama mimi.

"Fundi," akasema polepole, "intaneti inaingilia hapo?"

Bibi, macho bado kafumba: "Muache amalize, bado hajaniambia kuna nini."

Nikafuta, nikaeleza, nikaomba radhi kwa Kiswahili na kwa Kiha cha kuokoteza. Mzee alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Intaneti ikawaka, nikafungiwa dagaa, nikaondoka. Kumbe tumbo linamsumbua kweli siku nyingi. Binti yake akampeleka hospitali kesho yake.

Leo asubuhi kanipigia mama mmoja wa Kibirizi, simjui, mpole sana. Anauliza kama mashine yangu inaona na magoti.