Siku kinanda kilipoweka pingamizi

Kanisa letu la Kianglikana liko pembezoni mwa Dar, ukishaipita Chanika, na kinanda chetu ni cha miguu. Vile vya mabomba tunaviona kwenye simu tu. Wazee wanasema hiki kiliachwa na wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, wale waliofika Unguja mwaka 1864. Mimi naamini, maana hata panya waliomo ndani wanaonekana wa ukoo wa zamani. Unakanyaga pedali, mivukuto inavuta upepo, upepo unapita kwenye ndimi za shaba, kinaimba. Ukiacha kukanyaga, upepo wa akiba unaendelea kidogo. Hiyo "kidogo" ndiyo iliyoniponza.

Masika mbao hunywa unyevu, vibao vya kupigia huvimba. Do ya chini ilikuwa inanata tangu Kwaresima. Fundi yuko mjini, hela ya fundi haiko popote. Nikaipaka mafuta ya nazi. Usinicheke bado.

Jumamosi baada ya Pasaka, harusi. Bibi harusi ni yule niliyempelekea posa mwaka juzi, barua ikarudi na bahasha yake. Kwaya nzima inajua. Nikapiga wimbo wa kuingilia vizuri tu, kisha nikaegemeza kiwiko nipumzike, miguu ikiwa bado pedalini. Padre akauliza kama yupo mwenye pingamizi, aseme sasa au anyamaze kabisa.

"Nguuuuuuu!"

Do imezama, hairudi. Ng'ombe aliyepotelewa na ndama ndiye hulia vile. Vichwa vyote vikageuka. Shangazi yangu akajifunika uso kwa kitenge. Nikakichokonoa kibao kwa kucha, kucha ikateleza: mafuta ya nazi. Na mimi nikishikwa na hofu, miguu hukanyaga yenyewe, mazoea ya miaka tisa. Kila nilivyozidi kuogopa, pingamizi likazidi kupata pumzi.

"Mwanangu," Padre akasema, "una neno?"

"Hapana, Baba. Ni kinanda."

"Nacho kina neno gani?"

Kanisa zima likaangua kicheko. Bibi harusi alicheka mpaka shela ikamkaa upande. Bwana harusi hakucheka. Mzee wa kanisa akaja na kisu cha kukwangulia nta ya mishumaa, akakibinua kibao, kimya.

Ukumbini nikajificha nyuma ya spika. Bwana harusi akanifuata mwenyewe, soda mkononi, akaifungua kwa meno, akanywa yeye.

"Kimepona?" akauliza.