Mnazi wa Uani Usikatwe

Juzi usiku, kwenye kundi letu la WhatsApp la wapangaji, mmoja wetu aliandika kwamba mnazi wa uani ukatwe. Ndege wanapiga kelele alfajiri, wanachafua nguo. Kabla sijamaliza kusoma, wanne walishaweka dole gumba. Nilibaki na simu mkononi, moyo unanidunda kama niliyepewa habari ya msiba.

Naishi Tanga, Chumbageni, na kazi yangu ni cherehani. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi natoka na kikombe cha chai ya mchaichai na vitumbua viwili vya mama wa pale kona, nakaa kwenye kigoda karibu na karo. Ni robo saa tu. Baada ya hapo ni baiskeli, wateja, madeni, simu. Lakini robo saa ile ni yangu, na chini ya mnazi ule nakaa na minana, ndege wale wanaolalamikiwa.

Anayelalamikia kelele namwomba aje akae nami asubuhi moja. Dume wa mnana, yule wa njano mwenye kichwa cheusi, hutua kwenye kuti bichi, akalitoboa ukingoni kwa mdomo, kisha akaruka na kuchana uzi mrefu wa kijani. Uzi ule anaufunga kwenye ncha ya kuti. Anarudi na mwingine, na mwingine, mpaka apate kitanzi cha kusimama ndani yake, na hapo ndipo anapoanza kusuka chumba kumzunguka. Hana mikono wala sindano. Mimi nimeshona miaka 19 na sijui kufunga fundo kama lile.

Kiota kikiwa tayari, mlango wake unatazama chini. Dume ananing'inia hapo kichwa chini miguu juu, anapiga mabawa, anaita. Zile ndizo kelele zenyewe! Anamwita mke aje aione nyumba. Jike anakuja, anaingia, anavutavuta nyuzi kuona kama zimekaza, anaondoka. Kiota kikikauka bila kupata jike, dume anakifumua mwenyewe, uzi kwa uzi, na kuanza upya palepale.

Mwezi uliopita nilimwona mmoja akifumua mara mbili. Wiki ileile nilikuwa nimerudishiwa sare 40 za shule, kola zote zimekataliwa, na nilikuwa nimekaa siku mbili bila kugusa cherehani. Asubuhi ile niliweka kikombe chini, nikaingia ndani, nikachukua wembe wa kufumulia. Sijamwambia mtu jambo hili mpaka leo.

Ni kweli wanachafua nguo. Shati langu la Ijumaa limeshapatikana. Ni kweli pia kwamba makuti mawili ya juu yamechanwa hadi yamebaki kama vitana. Lakini kamba ya nguo inahamishika, na mnazi wa asili ukiukata leo ukapanda mwingine, utakaa miaka 6 au zaidi ndipo uone dafu la kwanza. Na kuhusu kelele, sote tumevumilia spika za baa mpaka saa nane usiku bila mmoja wetu kuandika neno kwenye kundi.

Halafu kuna watoto. Binti wa jirani, wa miaka 6, aliokota maganda mawili ya mayai chini ya mnazi, moja jeupe na moja la buluu yenye madoadoa, akaniuliza kwa nini hayafanani. Nilifurahi kuwa na jibu. Kila jike ana rangi yake ya yai na haibadilishi maisha yake yote, kwa hiyo ndege mwingine akija kumtagia yai lake humo ndani, analijua na kulitupa. Tangu siku ile mtoto anaamka mapema kuliko mimi.

 

Kunguru siwatetei. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka, wakaenea mpaka bara, na leo wanakula mayai na makinda ya ndege wa kwetu. Akitua mmoja, mnazi mzima unalipuka. Minana hawa tayari wana adui wa kutosha.

Mkwezi wetu, mzee anayekuja kila miezi mitatu, huangua nazi zote, husafisha makuti makavu, lakini yenye viota hayagusi. Siku moja nilimwamkia shikamoo, nikamuuliza sababu. "Mwanangu," akasema, "kule juu sina mwingine wa kuzungumza naye."

Jumapili mama mwenye nyumba anakuja kusikiliza pande zote. Nitamwambia haya haya. Kamba nitaihamisha mimi hadi upande wa jikoni, na nguo itakayochafuka huko nitaifua mwenyewe.

Leo asubuhi, kwenye kiota cha tatu cha yule dume, jike ameingia na unyoya mdomoni. Akatoka, akarudi na mwingine. Chai yangu ilipoa nikimtazama.