Fonti ya Bure au ya Kununua? Anza na Neno "Ilala"

Andika "Ilala" kwa fonti (sura ya herufi) ya Arial, kisha uliandike tena kwa Verdana. Kwenye Arial, I kubwa na l ndogo ni vijiti viwili visivyo na tofauti ya maana. Unasoma Ilala kwa mazoea tu. Kwenye Verdana, aliyoichora Matthew Carter mahususi kwa ajili ya skrini, I kubwa ina kofia juu na kikanyagio chini, hukosei. Zote mbili huja na Windows, hazikudai senti ya ziada. Bei, basi, si kipimo cha ubora.

Wanaotetea fonti za kununua wana hoja. Kampuni inayotaka nembo isiyofanana na ya jirani haitaipata kwenye fonti ya bure kama Lato, maana Lato imejaa kila kona. Tena fonti nyingi za bure zina mtindo mmoja tu. Lobster, ile ya mabango ya mikahawa, haina koza (herufi nene) wala italiki (herufi za mlazo) yake. Ukibonyeza kitufe cha koza, programu inaipaka unene wa kubuni, na tundu la "e" linaanza kuzibika.

Kasoro ya za kununua iko kwenye hesabu. Bei unayoiona mara nyingi ni ya mtindo mmoja. Koza ina bei yake, italiki nayo yake. Halafu leseni ya kompyuta kwa kawaida si leseni ya tovuti.

Na kulipa hakukuhakikishii herufi zako. Niliwahi kupanga kadi za harusi kwa fonti ya mwandiko wa madoido, niliyoinunua kwenye furushi la bei poa. Bibi harusi aliitwa Wambũi. Fonti haikuwa na ũ, kwa hiyo programu ikaazima kutoka fonti nyingine: herufi moja imesimama wima kama askari, wenzake wote wamejilaza. Mama mtu ndiye aliyeigundua, nami nishachapa kadi zote. Gentium ya shirika la lugha la SIL, ambayo ni ya bure, ina ĩ na ũ zilizochorwa kwa mkono ule ule uliochora i na u. Kwa madoido haifai, nakubali, lakini kwa kitabu cha Kigĩkũyũ sioni sababu ya kulipia nyingine.

Neno "bure" lenyewe lina matabaka. Fonti yenye leseni huria ya SIL unaitumia kibiashara, unaipachika kwenye kitabu, hata kuibadilisha unaruhusiwa. Usichoruhusiwa ni kuiuza peke yake. Ile iliyoandikwa "kwa matumizi binafsi" ni jambo lingine kabisa: ukiichorea bango la duka la mteja umeshavunja masharti. Zile zinazozunguka kwenye flashi za steshenari, zilizonyofolewa leseni kama kuku aliyenyonyolewa, sizizungumzii.

Kwa nembo, mimi ningelipa, baada ya kuijaribu fonti kwa majina halisi ya mteja. Kwa ripoti na barua, hapana. Carlito, ya bure, ina upana sawa na Calibri ya Microsoft, herufi kwa herufi, na Liberation Serif, nayo ya bure, vivyo hivyo kwa Times New Roman. Ripoti ya kurasa 40 niliyoandikiwa kwa Calibri naifungua kwenye LibreOffice, programu ya bure ya ofisi, Carlito inashika nafasi ya Calibri, na mistari inakatika pale pale ilipokatika kwa aliyenitumia.