Tumbo la Direkta

Dada yangu wa Katuba aliwaandikisha watoto wake kwenye kampi ya farasi wakati wa vakansi kubwa, mwezi wa Julai, ile miezi ya baridi na vumbi jekundu ambapo Lubumbashi nzima inakohoa. Wa kuwasindikiza ni nani? Mjomba asiye na kazi. Na kwa kuwa mmoja wao aliamka na homa na nafasi yake ilikuwa imeshalipiwa, nikaambiwa nami nijifunze.

Nilikuja kupanda, nikapewa koleo. Asubuhi nzima tulizoa mavi, tukachota maji ndoo kwa ndoo (farasi mmoja anaweza kumaliza lita 30 na zaidi kwa siku, na hakushukuru), tukapiga brashi. Halafu kwato. Unasimama karibu na bega lake, unaelekea mkiani, unateremsha mkono mguuni mpaka ainue, ndipo unachokonoa uchafu kwa chuma chenye ncha iliyopinda. Farasi wangu, Direkta, aliinua mguu kwa adabu zote, kisha akaniegemea na uzito wake wote. Nikabaki nimeinama, nimembeba Direkta, wapwa zangu wanapiga makofi.

Siku ya kutandika, mzee mtunza farasi alituonya: ukifunga mshipi wa tandiko, farasi mjanja anajaza pumzi. Unakaza, unaona umemaliza. Akitembea kidogo anaishusha, mshipi unalegea. Kwa hiyo mtembeze, kaza tena, ndipo upande. Alikuwa anakuja kunikazia mara ya pili mtoto mmoja akalia kwamba farasi anatafuna kofia yake. Mzee akakimbilia kofia. Mimi nilikuwa juu tayari.

Direkta akashusha pumzi. Niliisikia: pumzi ya baba mzima anayefungua mkanda baada ya sahani ya bukari.

Tandiko likaanza kuhama, tena bila haraka. Kwanza zizi likalala ubavu, kisha miti, kisha wapwa zangu wote wakawa wanatembea vichwa chini. Nilikamata manyoya ya shingo, nikabana miguu, nikajikuta chini ya tumbo, ana kwa ana na kupe ambaye brashi yangu ilimkosa. Alikuwa ametulia kuliko mimi. Tumbo lenyewe lilikuwa linanguruma juu ya pua yangu. Direkta wala hakukimbia. Alisimama, akaanza kung'oa majani makavu.

Nikaachia. Nikatua chali vumbini.

Mzee akaja mbio, akapiga magoti, akaanza kupapasa miguu ya Direkta, mmoja baada ya mwingine. Akamfungua mshipi, akamsugua shingo: "Pole, baba. Pole sana."

Mpwa wangu mdogo akainama kunitazama. "Mjomba, lakini ulipanda."

Video ilifika Katuba kabla yangu. Mama akanipigia simu, sauti inatetemeka, akauliza kama farasi wa watu ni mzima.