Orodha za Majina Goma: Nani Anaziwajibikia?

Msaada wowote Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, huanza na orodha ya majina, iwe ni baada ya mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 au pale wakimbizi wa ndani wanapoingia kutoka Masisi na Rutshuru. Mkongomani ana jina, jina la nyongeza na mara nyingi jina la ubatizo, na kila karani huyapanga ajuavyo; hivyo mama mmoja huonekana kama watu watatu, huku jirani yake akikosa mgao kwa kudhaniwa amekwisha kupokea. Ni hapa, kuliko katika semina yoyote, ambapo faida ya utawala wa data huonekana: shirika linapatana juu ya namna ya kuandika taarifa, nani ana mamlaka nazo, nani azione na zifutwe lini.

Wanaoupinga hawasemi ovyo. Shirika la watu sita lenye kompyuta moja na umeme wa kubahatisha haliwezi kuajiri msimamizi wa data, na fomu za idhini huchelewesha unga wakati watu wana njaa. Kuhusu kamati na fomu nakubaliana nao. Kuhusu kungoja hadi fedha zipatikane, hapana, kwani kumteua mfanyakazi mmoja awajibike kwa orodha hakuhitaji bajeti.

Hoja nzito zaidi ni kwamba hata wenye kanuni huvamiwa. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ambayo tayari ilikuwa na kanuni za kulinda data, iligundua kwamba wadukuzi wameingia katika seva zenye taarifa za watu zaidi ya 515,000, kupitia kasoro ya programu iliyokuwa haijarekebishwa. Kanuni hazikuziba tundu hilo. Lakini kwa kuwa ilijua inahifadhi nini na cha nani, iliweza kutangaza ukubwa wa hasara na kuanza kuwajulisha wahusika. Shirika ambalo nakala zake zimezagaa katika simu za makarani lingeanzia wapi?

Sheria ya dijitali ya Kongo ya tarehe 13 Machi 2023 inagusa ulinzi wa data binafsi, ila kinachopuuzwa zaidi ofisini, kwa maoni yangu, ni kufuta. Goma ilibadilisha watawala Januari 2025, ilipotekwa na waasi wa M23, na orodha iliyosahauliwa katika kompyuta humweleza yeyote anayeifungua nani alikimbia kutoka wapi, na akiwa na nani.