Volti za Ubavuni Hazitoshi

Kuna video inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya mafundi wa Kampala, na imenikera. Jamaa amesimama mbele ya koili ya Tesla, mtambo wa kurusha cheche ndefu za umeme, ameshika kapasita ya maikrowevu, yaani kile kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme, anawaambia vijana watafute kapasita yoyote yenye volti nyingi. Yoyote! Na wanaomsikiliza ni watoto wa sekondari.

Kapasita ya koili ina kazi ngumu. Transfoma huijaza, pengo la cheche hufyatuka, na chaji yote humwagika kwenye koili ya kwanza kwa mamia ya ampea, ikienda na kurudi kwa kasi ya mizunguko laki kadhaa kwa sekunde. Halafu inajazwa tena, mara 100 na zaidi kila sekunde. Kinachoamua kama itahimili ni kilichomo ndani, yaani aina ya plastiki inayotenganisha bamba zake. Poliesta hupoteza nishati mara 10 na zaidi kuliko polipropilini, na nishati hiyo hugeuka joto humo humo. Nimezikagua kapasita za poliesta zilizotolewa kwenye koili baada ya dakika chache za kazi: ganda limevimba, rangi imepasuka pale mguu unapotokea, na harufu ya plastiki iliyoungua haitoki vidoleni. Ubavuni zimeandikwa volti 2000. Ndiyo, 2000 za DC iliyotulia, umeme usiobadilika mwelekeo, si za kazi hii. Muuzaji mmoja wa katikati ya mji alinijibu, "Ssebo (bwana), hii ina nguvu sana," na nilipomuuliza ndani kuna nini, akarudia volti zile zile. Muuzaji asiyejua alichonacho hana haki ya kumhakikishia mtoto kwamba kitafaa.

Chukua kapasita za polipropilini za kazi za mipigo, yaani za kumwaga mkondo mkubwa kwa ghafla, kama zile za 942C za kampuni ya Cornell Dubilier. Kumi za mikrofaradi 0.15 na volti 2000, ukiziunga mfululizo, zinakupa nanofaradi 15 na volti 20,000. Zinaifaa transfoma ya neoni, ile ya taa za mabango, ya volti 9,000 na miliampea 30, ambayo kilele chake ni kama volti 12,700. Na msinakili majedwali ya Wamarekani ya ukubwa wa kapasita, umeme wao ni wa hezi 60. Kwa hezi 50 zetu, transfoma hiyo hupatana (huingia mwangwi) na kapasita ya nanofaradi 10.6 hivi, na hapo ndipo volti hupanda hadi kuiua transfoma. Chagua kapasita ya kama mara moja na nusu ya hapo.

Ile ya maikrowevu ina mikrofaradi 1 hivi. Transfoma ndogo ya neoni haiwezi kuijaza ndani ya nusu mzunguko, kwa hiyo hata cheche ulizoahidiwa huzioni.

Najua polipropilini ya kweli ni ghali na mara nyingi huagizwa nje. Sibishi. Asiye na fedha atumie chupa za glasi, maana kreti za soda na bia tunazo kila mtaa: maji ya chumvi ndani, foili nje, mafuta ya kupikia kidogo juu ya maji. Kila chupa hutoa nanofaradi 1 au pungufu, kioo nacho hupoteza nishati na siku moja hutoboka. Kwa kujifunza, nakubali. Kwa koili ya kudumu, hapana.

Linaloniuma zaidi ni rezista, kile kifaa kidogo kinachomaliza chaji iliyobaki kwenye kapasita. Kila kapasita kwenye mfululizo iwe na rezista yake ya megaohm 10 sambamba nayo, inayohimili volti za hapo, ili chaji iishe ndani ya sekunde chache baada ya kuzima. Kapasita uliyokwisha kuitoa umeme na kuiacha mezani huweza kujirudishia sehemu ya volti yake, na ile ya maikrowevu, rezista yake ya ndani ikikatika, hakuna dalili yoyote kwa nje. Mtoto anaikamata kwa mikono miwili, mkondo unapita kifuani. Kwa hiyo pamoja na rezista, pawe na fimbo ya plastiki yenye waya nchani, na waya huo uunganishe miguu miwili ya kapasita kabla ya mkono wowote.

Walimu wangu mnaosimamia maonyesho ya sayansi, koili isiyo na rezista hizo msiiruhusu iwashwe. Itoeni mezani, hata mwenye nayo akiwa mwanafunzi bora wa shule nzima, na hata mgeni rasmi akiwa ameshakaa kitini.