Dawa moto bila cheti: tukibana sana anaumia nani?

Wakuu hii ishu ya vijana kulewea valium (ya kutuliza wasiwasi na usingizi), tramado (ya maumivu) na sirapu za kodeini (za kikohozi) huku mtaani naona watu wanaijadili kama vile jibu ni moja tu, fungia maduka, kamata wauzaji, kwisha habari. Mimi mwenyewe nilikua upande huo mpaka bibi yangu alipoumwa kansa.

Wanaotaka kubana wana hoja nzito. Valium ni dawa moto, duka la dawa muhimu haliruhusiwi hata kuiweka, inatakiwa famasi tena kwa cheti cha daktari, ila sote tunajua dogo anaingia anasema katumwa na mama na anatoka nayo. Na sio dawa za mchezo hizi. Kodeini ikifika kwenye ini sehemu yake inageuka mofini, dawa kali ya maumivu ya jamii moja na heroini, tramado ukizidisha inaleta degedege, valium ukichanganya na pombe au heroini pumzi inaweza ikakata umelala. Muuzaji anayekupa vidonge 20 bila hata swali asituambie anatafuta ugali tu.

Sasa njoo upande wa pili. Marekani mwaka 2010 waliibadilisha OxyContin, kidonge kikali cha maumivu, ili isipondeke kirahisi watu wakaivuta au kujidunga, wengi waliokua wameshanasa wakahamia heroini, yaani kiu ilibaki palepale ikabadilika chupa tu. Halafu kuna wagonjwa wenyewe. Mjomba alizunguka famasi nne akitafuta dawa ya maumivu ya bibi, cheti mkononi, anaangaliwa kama teja huku bibi analia usiku kucha. Uganda walienda njia nyingine, wana mofini ya maji, na mwaka 2004 wakaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa (ya kupunguza mateso ya wagonjwa mahututi) waiandike wenyewe bila kusubiri daktari, tena ni nyepesi so anayejidunga madawa haina maana sana kwake. Kwahiyo kulegeza kwa akili inawezekana.

Ila kitu ambacho pande zote mbili hazikigusi ni yule aliyeshanasa tayari. Wa heroini angalau ana methadoni, dawa mbadala ya kuzuia arosto (maumivu ya kukosa dawa), Muhimbili walianza 2011, mtu anakunywa dozi yake kila siku mbele ya nesi. Wa valium hana kitu kama hicho. Na hapa ndio wazazi wengi wanakosea bila kujua, wanamfungia mtoto chumbani wakiamini arosto itapita kwa siku tatu nne, kumbe aliyezoea valium kwa dozi kubwa ukimkatia ghafla anaweza akaanza kifafa na kufa kabisa, inatakiwa apunguziwe kidogokidogo kwa wiki au hata miezi. Ukifunga maduka yote kesho asubuhi, hao watoto umewafungia chumbani wote kwa pamoja.

Mimi nasema muuzaji abanwe, sina huruma naye. Lakini wa kumpunguzia dogo dozi taratibu, hapa kituo cha afya cha kata yetu, bado sijamuona.